Mume Wangu Alinifungia Mfuniko Nikiwa Ndani ya Moto

Aliniona!

Jamani, msiniambie labda moshi ulimziba macho. Mudathiru, mume wangu wa ndoa, aliniona...

Nilikuwa chini kwenye depo, mkono umeshashika ngazi ya chuma. Nyuma yangu magodoro yanawaka. Juu yangu, kwenye tundu la sakafu, uso wake.

"Mudathiru! Nivute!"

Akaniangalia. Machoni kabisa.

Halafu akavuta kijiti kilichokuwa kinashikilia mfuniko.

BAAAM!

Giza.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Naitwa Gasaro. Hapa Kamembe wananiita Maman Latifu. Nilikuwa nauza magodoro kwenye depo, ghala la chini ya nyumba ya mzee anaitwa Damascène. Juu yetu kulikuwa na shule ya ushonaji ya Maman Anonciata: wasichana na cherehani zao, wengine huja na vichanga vyao. Kati yetu na wao kulikuwa na tundu kwenye sakafu, la kupitishia mizigo, na sisi wenyewe.

Zamani lilifunikwa na ubao tu. Wakaja wakaguzi wa majengo, wakakataa.

"Mzee, moto ukishika huku chini, hili tundu litaupeleka juu mara moja. Weka mfuniko usioshika moto, unaojifunga wenyewe. Na muntu wa depo awe na njia nyingine ya kutokea!"

Mfuniko, Damascène akakubali. Mlango wa nyuma ulikuwepo, lakini akaendelea kuupiga kufuli kwa nje. Eti wezi.

Aliyetengeneza mfuniko ni mume wangu. Yeye ni sudere, anachomelea mageti. Alipiga bati mbili nzito, katikati akajaza sufi isiyoungua. Ukiuachia tu, unaanguka wenyewe na kujifunga.

Akikuta vibarua wameuwekea kijiti, anawaka!

"Mfuniko ukibaki wazi, ni kama haupo!"

Asubuhi ile vibarua walikuwa wanashusha mzigo, kijiti kikawekwa tena. Mudathiru alikuwa juu shuleni, anapima mlango wa kuwekea geti. Mimi nilikuwa ndani kabisa nikipanga magodoro. Nikasikia waya zikilia ukutani... cheche... Godoro la kwanza likashika. Mnajua godoro linavyowaka? Moshi mweusi, mzito, unakukaba koo.

Nikakimbilia ngazi. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Niligonga ule mfuniko kwa ngumi. Nikaita jina lake. Nikaita jina la mtoto wetu. Mfuniko haukusogea!

Nikaanguka.

Nilizinduka hospitali. Jirani yangu Uwera alikuwa kando ya kitanda.

"Kubwimana ndiye alikubeba mpaka barabarani," akasema. "Yule mbeba mizigo."

"Na Mudathiru?"

"Ameungua mikono..."

"Bora angeungua moyo!"

Sikutaka hata kumwona. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka Bugarama kwa mama yangu, mimi na Latifu. Akipiga simu, nakata. Alipokuja, kaka yangu alimfukuza kabla hajafika mlangoni.

Lakini ule uso ulinifuata.

Nikiinama kwenye beseni la maji, uko pale. Mama akifunika sufuria, naruka na kupiga kelele. Kilichonitesa zaidi ni kwamba haukuwa uso wa hasira... Ulikuwa wa mtu anayeaga.

Siku moja Latifu akaniuliza,

"Mama, mbona ukilala unagonga ukuta?"

Nililia mpaka nikachoka.

Mavuno ya mpunga yalipoisha, nikachukua mfuko wa mchele, nikaenda Rusizi I kumshukuru Kubwimana. Nilimkuta mpakani, anafunga mizigo ya kuvusha Bukavu.

"Kubwimana, Mungu akulipe. Ulinitoa kwenye moto."

Akauangalia mchele, akanisukumia.

"Maman Latifu, mimi sikuingia mule. Nilikupokea tu mlangoni."

"Kwa nani?"

"Kwa Papa Latifu! Alivunja kufuli kwa nyundo, lile bati la mlango lilikuwa jekundu kwa moto, akalivuta kwa mikono. Alitoka na wewe mgongoni, halafu akaanguka. Hakukuambia?"

Mfuko wa mchele nikauacha pale pale.

Nilikwenda karakana yake. Alikuwa amekaa, mashine ya kuchomelea imezimwa. Vidole vyake... Mungu wangu... vilikuwa vimekunjamana, vimeshikana kama nta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nilikutoa, ungenisamehe. Lakini nilikufungia kwanza, Gasaro. Nilikuona, nikafunga."

"Kwa nini?!"

"Moshi ulishaanza kupanda. Batoto walikuwa juu, wamelala kwenye vitambaa. Ningekungoja, moto ungepanda na wewe."

"Na kama ungenivuta haraka?"

Akaviangalia vidole vyake.

"Sijui. Ndiyo maana bado nakusikia unagonga."

Nilidhani mimi peke yangu ndiye naandamwa. Kumbe tulikuwa wawili!

Wasichana wote wa Maman Anonciata waliteremka wazima, na vichanga vyao. Mfuniko wa mume wangu ulizuia moto mpaka wa mwisho akatoka.

Nimerudi kwangu. Nisiwadanganye, bado kuna siku nashindwa kumtazama usoni. Siku nyingine yeye ndiye anashindwa. Lakini chakula namlisha mimi, kwa sababu kijiko hakishikiki.

Mnaniuliza nani alinisaliti? Nilimchukia mume wangu miezi yote ile, kumbe aliyekaribia kuniua kwa uzembe wa kufuli lake ni Damascène, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata kumuuliza!

Ndugu zangu, tundu la sakafu lifunikwe kwa kitu kisichoshika moto, na lisiachwe wazi hata kwa dakika moja. Lakini kabla hujamfunika mtu, hakikisha ana pengine pa kutokea.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi au kwenye depo: inuka sasa hivi, kajaribu mlango wa nyuma. Unafunguka?