Nyumba ya Bi Mwanamina, Ardhi ya Mzee Farjallah

Kioko alifua mashuka katika hoteli moja ya Watamu. Mkewe, Mumbua, aliuza nyanya na vitunguu sokoni Malindi. Walitoka Machakos zamani, na tangu wafike pwani walikuwa wapangaji tu. Chumba kimoja, watu watano, na mvua ikinyesha makuti yanavuja. Mumbua alikuwa amechoka, tena amechoka kabisa.

Jumamosi moja Kioko alirudi akicheka.

"Mama Jedida, tumepata nyumba! Bi Mwanamina anauza yake. Anahamia Lamu kwa binti yake."

"Dalali ni nani?"

"Hakuna dalali. Tunanunua kwa mwenyewe. Nani atatudanganya?"

Kesho yake, baada ya kanisa, walikwenda kuiona.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani."

Vyumba vinne, kuta imara, bati juu. Kioko alitaka kutoa pesa papo hapo. Mumbua alisimama uani, akatazama chini.

"Hapa nitachimba kisima," alisema.

"Kisima?" Bi Mwanamina alishangaa. "Hapo mtake ruhusa kwa Mzee Farjallah. Ardhi ni yake."

Kioko akaruka. "Kumbe unauza kitu kisicho chako?"

"Nyumba ni yangu, mwanangu. Niliijenga na marehemu mume wangu. Ardhi ndiyo ya Farjallah, nami namlipa kodi yake. Malindi nzima wajua. Sikuwaficha, nilidhani mwajua."

Kwao Machakos, mwenye nyumba ndiye mwenye udongo. Walirudi nyumbani. Kioko alijiona ametapeliwa.

Jirani yao, Bi Zeina, alikuwa barazani akikuna nazi. "Mbona nyuso zimewavimba? Mwatoka mazikoni?"

Wakamweleza. Bi Zeina akaacha kucheka.

"Hakuwadanganya. Huku pwani nyumba yaweza kuwa ya huyu na ardhi ya yule. Bei yake ni nafuu, lakini mwenye ardhi akiuza, au akifa na warithi wakaitaka, utaambiwa ondoka. Babangu aliambiwa. Alichukua milango na mabati. Kuta hazibebeki."

"Sasa tufanyeje?" Mumbua aliuliza.

"Kuuliza si ujinga. Ulizeni nyumba ya nani, kisha ulizeni ardhi ya nani. Nendeni ofisi ya ardhi mkaone hati ina jina gani. Msiamini mdomo wa mtu, hata wangu. Na msitoe hata shilingi kabla wakili hajaandika mapatano."

Kioko alikuna kichwa. "Watu wengi wanaishi hivyo hivyo. Tununue tu."

"Mimi sihamishwi tena na mtu," alisema Mumbua. "Tunanunua na chini yake, ama hatununui."

Ofisi ya ardhi ikathibitisha: hati ilikuwa na jina la Farjallah. Mumbua akamfuata dukani kwake.

"Siuzi vipande," alisema mzee, na kumgeuzia mgongo.

Mumbua hakukata tamaa. Alirudi tena, safari hii na Bi Mwanamina.

"Farjallah, acha ukaidi," alisema Bi Mwanamina. "Mimi nimepunguza bei, kwa kuwa nauza kuta tu. Kinachobaki katika pesa zao chukua wewe, uwape ardhi ya chini yake."

Mzee akawatazama, akacheka. "Nyinyi wawili mtanimaliza. Haya, nimekubali."

Wote walitia sahihi mbele ya wakili. Mpimaji akapima kiwanja, na baada ya miezi mingi hati mpya ikatoka, yenye majina ya Kioko na Mumbua. Akiba yote ilikwisha. Walikula mchicha mpaka watoto wakauchukia, na Kioko alinung'unika kila siku.

Baadaye Mzee Farjallah alifariki. Warithi wakauza ardhi yote iliyobaki. Asubuhi moja wakaja watu na rangi nyekundu, wakitia alama kwenye nyumba za kubomolewa. Mtaa mzima ulilia. Mmoja wao alifika kwa Mumbua, akainua brashi.

"Shusha mkono," alisema Mumbua.

Akampa hati. Yule mtu aliisoma, akamrudishia, akapita. Nyumba ya kushoto ilitiwa rangi, na ya kulia pia. Ya Mumbua ikabaki nyeupe.

Mumbua hakushangilia. Moyo ulimuuma kwa ajili ya majirani. Akafungua milango yote miwili, akawaita.

"Leteni vyombo vyenu ndani. Hapa hakuna wa kutufukuza."