Barafu Iliyokwenda Kabambare

Saa nane mchana, mlinzi Sumaili alirudi kutoka kula, akasukuma mlango wa bohari ya kampuni ya usafirishaji pale Kasongo, akamkuta Théophile amelala chali kati ya mizani na magunia ya pamba. Alidhani amejipumzisha. Alipomwita mara ya tatu bila kujibiwa, ndipo alipoiona damu.

Inspekta Alimasi wa polisi ya upelelezi alifika kwa baiskeli kabla ya saa tisa. Alikuwa mwenyeji wa Kasongo, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya msikiti, na mwaka ule wa 1957 Wakongo waliopewa cheo cha inspekta walikuwa wachache. Alimfahamu marehemu. Nani asiyemfahamu? Théophile alikuwa mkuu wa usafirishaji. Chumvi, vitambaa, mafuta ya taa, madawa, vyote vilishuka kwenye treni kule Samba, vikavushwa mto Lualaba, vikaingia bohari hii. Yeye ndiye aliyepanga nini kipande gari lipi, kiende lini Kabambare.

Alimasi alichuchumaa. Jeraha lilikuwa nyuma ya sikio la kulia. Hatua mbili kutoka hapo lilikuwepo jiwe la mizani la kilo tano, lina damu. Lakini kilichomshangaza ni kingine. Kichwa cha maiti kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe kilichopasuliwa kutoka kwenye shati, kikazungushwa mara tatu, na chini yake limekunjwa gunia kama mto.

"Sumaili, wewe ndiye uliyemfunga?"

"Hapana, Bwana Inspekta. Sikumugusa hata kwa kidole."

"Nani aliingia humu mchana?"

"Sikuona mutu. Saa ya kula tunaondoka wote. Yeye alibaki. Juma hili lote alikuwa hali kitu."

"Kwa nini?"

Sumaili akaangalia viatu vyake. "Umuulize mama wa nyumbani kwake."

Daktari wa hospitali, Mbelgiji mwenye maneno machache, aliufanyia mwili uchunguzi jioni ile ile.

"Pigo moja. Fuvu limepasuka. Aliishi kama robo saa baadaye."

"Na hicho kitambaa?"

"Kimefungwa na mtu aliyesomea. Fundo liko pembeni, halikukaa juu ya jeraha, na hakikubana kupita kiasi. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha wauguzi."

"Wauguzi wako walikuwa wapi?"

"Hapa, wote, mbele ya macho yangu. Tulikuwa na upasuaji."

Kwenye jiwe la mizani Alimasi alipata alama ya dole gumba iliyokatwa katikati na kovu. Alama ile ile, kwa damu, ilikuwa kwenye jalada la hati za shehena juu ya meza ya marehemu. Basi aliyepiga na aliyepekua karatasi alikuwa mtu mmoja, na kwa damu ile mikononi, yamkini ndiye aliyefunga jeraha pia. Alifungua jalada. Hati namba 211 ilikuwepo. Namba 213 ilikuwepo. Namba 212 ilikuwa imechanwa, na kipande cha pembe kilichobaki kilikuwa na neno moja: Kabambare.

Mkurugenzi wa kampuni, Mbelgiji ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, hakumkaribisha kiti.

"Shehena namba 212 ilikuwa na nini, Bwana?"

"Sikumbuki. Kupakia ilikuwa kazi ya Théophile."

"Hukumpa amri yoyote juu ya shehena hiyo?"

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta taratibu. "Inspekta, hapa unamhoji nani?"

Alimasi alifunga daftari lake. Alijua kupima mwisho wa kamba aliyofungwa.

Régina, mke wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake. Alimwongoza Alimasi chumbani, akafungua sanduku la nguo, akatoa barua iliyokunjwa mara nne.

"Aliniambia niifiche. Tangu habari za watoto wa Kabambare zifike, chakula kilimshinda. Nilikuwa ninamwekea, ninaondoa."

Barua ilipigwa taipu kwa Kifaransa safi. Théophile alimwarifu mkurugenzi kwamba seramu ya dondakoo, ule ugonjwa unaoziba makoo ya watoto, imefika kutoka Samba na inahitajika Kabambare haraka. Seramu haivumilii joto. Kampuni ina sanduku moja tu la barafu. Aliomba kwa heshima bia ya sherehe ya Wazungu wa Kabambare isubiri gari la juma lijalo. Juu ya maneno yake, kwa kalamu nyekundu, mkono mwingine ulikuwa umeandika: "Bia kwanza. Tekeleza."

"Alitekeleza," Régina alisema. "Ungefanya nini, baba? Tuna watoto wanne."

Alimasi aliomba barua, akapewa.

Njia ya Kabambare ilikuwa tope tupu. Gari la polisi lilikwama mara sita, na daraja moja walilipita kwa kutandika miti upya. Kesho yake mchana, karani wa kupokea mizigo kule Kabambare alikuna kichwa alipoulizwa nakala ya hati namba 212.

"Haiko tena hapa, Bwana Inspekta. Muuguzi Célestin alikuja kuiomba. Alitaka kuona sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya aliyepakia. Nikamuachia. Mutu amezika mutoto, utamunyima karatasi?"

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara. Célestin, mwanaume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anamfunga mguu mwanamke mzee aliyejikata na jembe. Alimasi alisimama mlangoni, akatazama. Kitambaa kilizunguka mara tatu. Fundo likakaa pembeni. Célestin akaingiza kidole chini yake kupima, na dole gumba lilikuwa na kovu.

Alimwacha amalize. Mwanamke alipotoka, alisema, "Shati lako lingine liko wapi, Célestin?"

Muuguzi alinawa mikono kwanza. Akajifuta. "Nilijua utakuja. Nilidhani ungekuja jana."

"Ulikwenda Kasongo?"

"Nilikwenda, juu ya gari la pamba. Nikarudi vilevile."

"Kumuua?"

"Kumuuliza." Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. "Niliomba seramu kwa telegramu mara tatu. Nikajibiwa, gari linakuja na barafu. Nikawaambia akina mama: subirini, dawa iko njiani. Walilala hapa nje na watoto wao. Gari lilipofika, mimi mwenyewe nilipanda, nikafungua sanduku mbele yao wote. Chupa za bia, Bwana Inspekta. Zimepangwa vizuri, na barafu imezifunika mpaka shingoni."

Alimasi aligeuza ukurasa wa daftari.

"Seramu ilikuja baada ya siku nane. Watoto tisa walikuwa wamekufa. Wa sita alikuwa Victorine, binti yangu. Alikuwa na miaka sita. Nilimshika mikono asijikwaruze koo."

"Théophile alikuambia nini?"

"Nilimwekea hati mbele, nikasema: hii ni sahihi yako? Akasema: ni yangu. Nikasema: nani aliweka bia kwenye barafu ya watoto? Akasema: mimi ndiye mkuu wa usafirishaji, kilichopanda gari nimekipandisha mimi. Akageuka, akanipa kisogo, akainamia meza. Jiwe lilikuwa hapo kwenye mizani."

"Halafu ukamfunga jeraha."

"Alipoanguka nikasahau kilichonileta. Nikapasua shati. Nikamwambia apumue, apumue polepole. Alikuwa ananitazama." Aliokota kipande cha kitambaa sakafuni. "Alipokufa, nikachukua karatasi yenye jina lake. Sijui kwa nini."

"Alikuwa analia, si ndiyo? Alipokugeuzia kisogo. Mkewe anasema juma zima chakula kilimshinda."

Célestin aliinua uso.

Alimasi alitoa barua, akampa. Haikuwa kazi yake kufanya hivyo, na alilijua hilo. Muuguzi alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye wino mwekundu. Alirudia kusoma kutoka mwanzo.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Labda aliona aibu kujitetea."

"Nimemuua aliyeikataa bia kwa ajili yetu." Akaikunja barua mara nne, akairudisha. "Na huyu wa kalamu nyekundu, Bwana Inspekta, utamkamata lini?"

Alimasi aliandika maungamo yote, akayasoma kwa sauti, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Swali lile hakuliandika.

Huko Kasongo, mwendesha mashtaka, Mbelgiji kijana mwenye adabu, alimpongeza kwa kazi ya siku nne. Alisoma ripoti akitikisa kichwa kwa kuridhika hadi aya ya mwisho, iliyotaja amri ya kalamu nyekundu. Hapo akaichukua barua ya Théophile, akaitazama pande zote mbili, akaitia kwenye mtoto wa meza yake na kuifunga kwa ufunguo.

"Hii ni barua ya ndani ya kampuni. Haihusiani na mauaji. Piga taipu upya, bila aya hiyo."

"Bwana, ndiyo sababu ya mauaji."

"Sababu ni kisasi cha baba mwenye uchungu. Muuaji amekiri. Unataka nini zaidi?"

Alimasi alifikiria mshahara wake, cheo chake, mama yake nyuma ya msikiti anayejisifu kwa jirani. Kisha akaenda kwenye taipu. Kazi ilimchukua dakika kumi na mbili. Alitia sahihi chini, herufi zote zikisomeka.

Nje, Régina alikuwa anamsubiri kwenye ngazi, amejitanda kitambaa cheusi.

"Ile barua, baba. Umewapa?"

"Nimewapa."

"Basi sasa watajua kwamba alikataa."

Alimasi alisema, "Ndiyo, mama," akachukua baiskeli yake, akaisukuma mpaka kwake bila kuipanda.