Rangi Kabla ya Spana

Kila alipotoka shule, Spoku alivua sare, akala chakula chake huku amesimama, kisha akavuka barabara kwenda kwenye karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa wao kwa sababu ya wembamba wa miguu yake. Hakulichukia. Alijua kwamba vile vijiti vyembamba vya gurudumu ndivyo vinavyobeba uzito wote wa mtu na mzigo wake.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Matairi yalining'inia darini, minyororo ililala ndani ya sufuria la mafuta, na spana zilipangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Kando ya spana ilining'inia chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha. Shangazi hakupaka kucha hata siku moja. Rangi ile ilikuwa ya nati.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana. Nati yoyote inayoshikilia breki, usukani au gurudumu, ikishakazwa, yule aliyeikaza aliipaka tone jekundu kichwani.

"Nikiona nyekundu, sirudii tena kukagua," Shangazi alipenda kusema. "Ile nyekundu ni mdomo wako unaniambia, Shangazi, nimekaza."

Tatizo ni kwamba rangi ilichelewa kukauka. Spoku alikwisha kuchafua blauzi mbili kwa kuegemea nati mbichi, na mama yake alikuwa amemsema mpaka masikio yakawaka moto. Basi akabuni ujanja wake. Alianza kupaka rangi kwanza, kisha akakaza nati nyingine zisizohitaji alama, na mwisho akazirudia zile nyekundu zikiwa zimekauka. Shangazi hakujua. Na kwa kuwa kila mara Spoku alirudi na kukaza, aliuona ujanja wake kuwa ni akili tu.

Siku hiyo alikuja Babu Honi. Mzee huyu aliendesha malori ujana wake wote, na hata baada ya kustaafu alizungumza kana kwamba injini inanguruma kando yake. Alitaka baiskeli ya kumpeleka mjukuu wake chekechea na kumrudisha.

"Nipe ile pale!" alisema, akionyesha baiskeli ndefu yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

"Ile ni ya mashindano, Babu," Shangazi alimjibu. "Wewe una mtoto wa kubeba."

"Binti yangu, nimeendesha lori la magurudumu kumi kabla sijaota ndevu!"

"Lori likisimama halianguki. Haya, panda tuone."

Babu Honi alipanda. Vidole vya miguu yake vikapapasa hewa, hata sakafu havikuigusa. Shangazi akalegeza mkono kidogo, na mzee akaanza kuinama upande mmoja kama ukuta uliochoka.

"Nishike! Nishike, mama, nishike!"

Spoku alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo Babu Honi alisikiliza. Walimchagulia baiskeli fupi kidogo, yenye matairi mapana, ambayo akikaa kitini miguu yake yote miwili ilifika chini. Wakashusha kiti, wakainua usukani ili asiumie mgongo. Kengele ndiyo iliyochukua muda. Babu Honi alizijaribu zote. "Hii inaita paka. Hii ina mafua." Mwishowe akachagua moja kubwa kama kikombe, ambayo ilipolia, watu wawili barabarani waligeuka.

"Hiyo ndiyo honi!" alisema, akaenda kunywa chai akisubiri baiskeli imalizwe.

Shangazi alichukua kiti cha mtoto akifunge juu ya keria, pamoja na mkanda wake. "Spoku, wewe tia waya mpya za breki, ya mbele na ya nyuma. Ile baiskeli ina mteremko wa chekechea mbele yake, kwa hiyo ifanye kazi vizuri."

"Sawa, Shangazi."

Spoku alipitisha waya, akazivuta, akafunga nati zake kwa vidole tu ili zishike kwanza. Akashusha chupa ya rangi, akapaka tone mbele, akapaka tone nyuma. Wakati huohuo rafiki zake wakaita kutoka nje, kamba yao ya kuruka ikipiga vumbi.

"Spoku! Unakuja, au umegeuka pedeli?"

"Nakuja!"

Rangi ilikuwa bado mbichi. Ngoja ikauke, alijiambia, nitaruka kidogo tu halafu nirudi kukaza. Akatoka mbio.

Kamba ina utamu wake. Akaruka, akakosea, akashika zamu ya kuzungusha, akaruka tena. Aliporudi karakana, jasho likimtiririka, stendi ya kufanyia kazi ilikuwa tupu. Shangazi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni.

"Baiskeli iko wapi?"

"Mwenyewe kashaichukua. Laiti ungemwona, meno yote nje! Amekwenda kumchukua mjukuu wake." Shangazi alitabasamu. "Nimemwambia, Babu, hizo breki kazifunga Spoku mwenyewe. Nimejivuna kweli."

Spoku alitazama ukutani. Spana ya nati za breki ilikuwa palepale kwenye msumari wake, safi, haijaguswa tangu asubuhi.

Labda zitashika, alijisemea. Labda vidole vyangu vina nguvu kuliko ninavyodhani. Akishika breki polepole, zitashika. Lakini nani anashika breki polepole kwenye mteremko ule, ambao chini yake kuna njia panda ya malori? Akakumbuka kiti cha mtoto kwenye keria. Alijua pia kwamba akisema, Shangazi hatamwamini tena, na huenda asimruhusu tena kugusa spana.

"Mbona umesimama kama nguzo?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi..." Akaionyesha spana kwa kidole. "Breki sikuzikaza."

"Unasemaje? Nimeona nyekundu kwa macho yangu."

"Nilipaka kabla. Huwa napaka kabla. Nilifunga kwa vidole tu."

Shangazi alichukua simu kwa mikono yenye povu, akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Hakuna jibu.

"Mzee yule akiwa barabarani hasikii hata radi," alisema. Ile ya mashindano ilikuwa ndefu mno kwao wote wawili, na nyingine zote zilikuwa hazina magurudumu au zimepinduliwa, isipokuwa ile kuukuu ya karakana. Akaitoa, akaichomoa spana ukutani na kumtia Spoku mkononi. "Wewe mwepesi. Tangulia. Mimi nakuja kwa miguu. Nenda!"

Spoku alikanyaga. Alivuka njia panda kati ya malori mawili, dereva mmoja akamtukana, hakugeuka. Mlima ukaanza. Mapaja yaliwaka, pumzi ikawa inakwaruza koo, na mnyororo mkavu ukawa unalia kila pedeli ilipozunguka. Moyoni alikuwa na ombi moja tu: awakute bado wako langoni mwa chekechea. Amkute Babu Honi anamfunga mtoto mkanda, anabishana na mlinzi, anafanya lolote, mradi amesimama.

Hakuwa amefika hata nusu ya mlima alipoisikia kengele.

Ilikuwa inatoka juu, na ilikuwa inakuja. Mwanzoni ililia kwa furaha, kring, kring, kama mtu anayesalimia kila nyumba. Kisha Spoku akawaona: Babu Honi kifua mbele, na nyuma yake kofia ndogo ya mjukuu wake, ambaye mzee alimwita Utingo, kama wanavyoitwa wasaidizi wa madereva wa malori. Mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, anashangilia.

Spoku alipunga mikono. "Babu! Simama!"

Babu Honi alimwona. Akashika breki. Spoku aliona vishikio vyote viwili vikiingia mpaka vikagusa usukani, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Iliongeza. Uso wa mzee ulibadilika. Sasa kengele haikukatika tena, ililia mfululizo, ikiwaomba watu wote wapishe njia.

Spoku aliitupa baiskeli yake chini. Hakuwa na la kufanya kwa mikono yake. Hata kama angejirusha mbele yao, wangepita juu yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kando ya barabara, mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, kulikuwa na rundo la mchanga.

"Mchanga!" alipaza sauti mpaka ikapasuka. Akakimbilia pale, akalipiga rundo kwa viganja. "Babu, mchanga! Ingia mchangani!"

Babu Honi alishusha miguu, soli za viatu zikaburura lami. Akapinda usukani. Baiskeli ikaruka ukingo wa barabara, ikapita karibu na Spoku kiasi cha kuipeperusha sketi yake, ikajichimbia kwenye mchanga na kulala ubavu.

Utingo akalia. Hakuna sauti iliyowahi kumfurahisha Spoku kama kile kilio. Mkanda ulikuwa umemshika mtoto kitini. Mdomo umejaa mchanga, kidevu kimechubuka, lakini mikono na miguu yote ilicheza. Babu Honi aliketi taratibu, akaushika mkono wake wa kulia. Kifundo kilikuwa kinavimba huku wanakitazama.

Waashi walishuka kutoka kwenye jengo. Mmoja aliinua baiskeli, akabonyeza breki, zikalegea kama ulimi wa mbwa.

"Nani kafunga uchafu huu?"

"Si yule mama wa karakana ya chini?" mwenzake alidakia. "Mimi nilisema tangu zamani. Spana na mwanamke wapi na wapi! Leo ndiyo mwisho wa biashara yake."

"Acheni maneno," Babu Honi alisema, akikunja uso kwa maumivu. "Waya mpya hulegea. Inatokea. Hakuna mwenye kosa."

Maneno ya Babu yalikuwa mlango wazi. Spoku angeweza kupita na kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini Shangazi alikuwa anakuja, anapanda mlima huku ameshika kiuno, na watu hawa walikuwa wanamsubiri wamtupie lawama ambazo hazikuwa zake.

"Si waya," Spoku alisema. "Wala si Shangazi. Shangazi hajawahi kuacha nati imelegea. Breki nilifunga mimi, sikuzikaza, nikapaka rangi ya kuonyesha kwamba nimezikaza. Nikaenda kucheza. Nisamehe, Babu. Nisamehe, Utingo."

Mwashi aliyesema sana akatafuta pa kuangalia. Utingo aliacha kulia ili asikilize vizuri.

Babu Honi alimgeukia. "Ulipanda mlima wote huu kunifuata?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi huo mchanga ulionionyesha nitauhesabu upande wako. Mkono wangu nitauhesabu upande mwingine."

Shangazi alifika. Kwanza alimkagua mtoto, kisha mkono wa mzee, kisha baiskeli. Akamwomba mwashi mwenye pikipiki ampeleke Babu Honi zahanati. Ndipo akamgeukia Spoku.

"Spana unayo?"

"Ninayo."

"Kaza."

Spoku alipiga magoti mbele ya watu wote. Alivuta waya, akakaza nati ya mbele, akakaza ya nyuma, machozi yakidondokea kwenye rimu. Alipomaliza, Shangazi aliishika breki ya mbele kwa mikono miwili, akaisukuma baiskeli kwa uzito wake wote. Haikusogea. Akafanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma.

"Huniamini tena," Spoku alisema kwa sauti ndogo.

"Kukuamini ni jambo moja, kujaribu breki ni jambo jingine, na mimi leo sikuzijaribu. Nilitazama rangi nikaridhika. Hilo ni kosa langu, nitamwambia Babu mwenyewe." Shangazi alifuta mchanga kwenye kiti. "Sasa sikia lako. Kuchelewa kazi si dhambi. Ungeniambia sijamaliza, mzee angeongeza kikombe cha chai, basi. Lakini ulisema umemaliza kazi ambayo hujaifanya. Uongo wa namna hiyo, mwanangu, hauanguki na aliyeusema. Anaupanda mtu mwingine, naye hana habari. Ukitaka kuwa fundi, tenda kwanza, useme baadaye."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Spana utazitazama kwa macho tu mpaka mkono wa Babu upone. Na mpaka siku hiyo, wewe ndiye utakayempeleka Utingo chekechea na kumrudisha. Kwa miguu."

"Kwa miguu?" Utingo aliguna. "Mlima wote?"

"Wote," Spoku alisema. Akauning'iniza mfuko wa mtoto begani, akamshika mkono, mkono mdogo uliojaa mchanga.

Wakaanza kuteremka, Spoku akiisukuma ile baiskeli kuukuu kwa mkono mwingine. Shangazi aliwatangulia juu ya baiskeli ya Babu, akishika breki na kuachia, akishika na kuachia, polepole, mpaka chini kabisa.