Malaria ya Kila Mwezi

"Barafu! Nimekwambia mara ngapi?" Bi Tima alifoka na kuubamiza mlango wa friji. "Wafyonza barafu za ukwaju mchana kutwa, damu inaganda tumboni, kisha unagaagaa hapa!"

"Wallahi mama, mwezi huu sijaonja hata moja," Swabra alisema. Alikuwa amejikunja mkekani, leso imemkaza tumbo.

"Basi inuka! Wenzako nao wanapata hedhi na shule wanakwenda. Mtihani ni saa nne."

Swabra alijaribu kusimama. Maumivu yakamkata kutoka kiunoni hadi mapajani, akatapika. Kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba mama yake hakumwamini.

"Hodi!" Pascalia, jirani yao muuguzi, aliingia. "Quinter wangu ameniambia Swabra ana malaria tena. Malaria gani hii ya kila mwezi?"

"Ni malaria tu, mwanangu," nyanya yake Swabra, aliyekuwa ameketi pembeni, aliharakisha kujibu. Nyumba ile hedhi haikutajwa mbele ya wageni. Hata mwalimu aliambiwa malaria.

"Si malaria, Mama Quinter," Swabra alisema. "Ni hedhi. Na mimi si mvivu!"

Nyanya alijifunika uso kwa mtandio. Pascalia alipiga magoti kando ya Swabra.

"Hata chooni unaumia?"

"Naumia sana."

"Ugonjwa wako atausema daktari. Lakini kuna kitu kinaitwa endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani ya tumbo la uzazi huota nje yake. Wakati wa hedhi huvimba na kuvuja damu, na damu ile haina pa kutokea."

"Inaletwa na nini?" Bi Tima aliuliza.

"Chanzo hasa hakijajulikana. Pengine damu nyingine hurudi nyuma badala ya kutoka. Pengine hurithiwa. Barafu haimo kabisa. Kuna mwingine katika ukoo aliyeumwa hivi?"

Nyanya aliufunua uso, akasema polepole, "Huyo Tima. Alikuwa akiuma mto baba yake asimsikie. Nikamwambia akiolewa yatakwisha."

"Hayakwisha," Bi Tima alisema. "Nikadhani wanawake wote ndivyo walivyo."

Alichukua simu papo hapo. "Mwalimu Phineas, Swabra haji leo. La, si malaria, nilikudanganya. Ni maumivu ya hedhi. Nampeleka kwa daktari."

"Umefanya vyema," Pascalia alisema. "Maumivu yanayomwangusha mtoto hayafichwi wala hayavumiliwi. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa."

"Vaa buibui, Swabra," Bi Tima alisema, naye akajitanda lake. "Nisamehe, mwanangu. Twende."

Hospitalini karani aliuliza mgonjwa ni nani.

"Huyu," Bi Tima alijibu bila kunong'ona, "na mimi. Hedhi zinatuumiza. Andika wawili."