Mkono Usiojibu

Kisigino cha kiatu chekundu cha msusi kiling'oka kwenye msukosuko wa kituo cha mabasi, kikamwangusha kifuani mwa mwanaume asiyemjua.

"Pole, dada. Kiatu kimekusukuma, au umechagua mwenyewe pa kuangukia?"

"Mtu mwenyewe unanuka gundi, nani angekuchagua?"

Wakacheka. Alikuwa fundi viatu. Kesho yake kisigino kilikuwa kimerudi mahali pake, na moyo wa msusi ulikuwa umeshahama.

Wakawa na ishara yao. Wakiwa mbele za watu, mmoja akiuminya mkono wa mwenzake mara mbili, maana yake: niko nawe. Mwenzake hujibu vivyo hivyo.

Kisha fundi akabadilika. Simu hapokei, na akipokea inamponyoka, inaanguka kwa kishindo.

"Mpenzi, uko na nani huko?"

"Na viatu tu, malkia wangu."

"Vya kike?"

"Vya kike, vya kiume, na vya watoto wao."

Safari hii msusi hakucheka.

Siku ya fundi kujitambulisha kwa mjomba wa msusi, msusi alisali mpaka magoti yakamuuma, akavaa gauni la bluu lililoshonwa kwa siku hiyo.

"Haya, kijana," mjomba akasema, "una nia gani na binti yetu?"

Chini ya meza, msusi akauminya mkono wa fundi mara mbili. Haukujibu. Akauminya tena, kwa kucha. Mkono ulilala tu kama glavu tupu.

"Mjomba," fundi akasema, macho sakafuni, "naomba mnipe muda."

Shangazi, aliyeketi kando ya mjomba, akaguna. Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki ile hakusali. Alimwona hata Mungu kama amekula njama na fundi.

Jumamosi akabeba vile viatu vyekundu hadi karakana. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kama kawaida, maana fundi hakutaka vumbi liingie kwenye gundi. Harufu ilimkaba koo.

"Chukua viatu hivi, kampe huyo mwingine!"

"Mwingine yupi?"

Fundi aliinuka kuvipokea, na hapo msusi akaona damu. Sindano ya kushonea soli ilikuwa imezama kidoleni mwake, naye hana habari.

"Kidole chako!"

Akakitazama kama cha mtu mwingine. "Kumbe."

Ndipo ukweli ukamtoka. Daktari alishamwambia: miaka ya kuvuta mvuke wa gundi humu ndani imeharibu mishipa ya fahamu ya mikono. Miguu nayo imeanza kufa ganzi. Akiiacha gundi, huenda hisia zikarudi polepole. Huenda zisirudi zote.

"Ulijua kabla ya kwenda kwa mjomba?"

"Nilijua. Ningekuoa kwa mikono gani?"

"Nilikuminya mpaka kucha zikaingia!"

Fundi akashtuka. "Uliniminya?"

Msusi akaketi. "Afadhali ungekuwa na mwanamke, ningemchukia yeye. Umenificha mimi, niliyekuombea kila siku bila kujua naombea nini."

Msusi akafungua madirisha, moja baada ya jingine, akachomoa sindano, akafunga kidole kwa kitambaa chake. Kisha mkono wake ukapanda taratibu kwenye mkono wa fundi, ukapita kiwiko, ukaminya mara mbili.

Fundi alifumba macho. "Hapo nimesikia."

"Basi jibu."

Vidole hakuviamini. Akainamisha paji la uso, akaligusa nalo bega la msusi mara moja, kisha tena.

"Hasira bado ninazo," msusi akasema, akifuta machozi. "Vaa shati safi. Mjomba anangoja jibu, na hilo utalisema kwa mdomo."