Nati Mbili za Upande wa Kushoto

Kila akitoka shule, Grisi alitundika sare msumarini, akavaa ovaroli kuukuu la baba yake na kukunja mikono yake mpaka vidole vionekane. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari. Mtaani kote aliitwa Grisi, na wala hakununa, maana aliona linamkaa vizuri kuliko lile la cheti.

Gereji ya baba yake ilikuwa uani. Wiki hiyo ua wote ulikuwa umetekwa na gari la shangazi, gari refu la barabara mbovu, zee kuliko Grisi mwenyewe lakini bado lenye moyo. Shangazi alikuwa mkunga, na gari hilo ndilo lililomfikisha kwa akina mama wa mlimani. Springi zake zilikuwa zimechoka, gari likawa limelalia nyuma kama kuku anayeatamia. Sasa baba alikuwa amefunga springi mpya, ndefu na nene, na shokapu mpya za kupunguza mtikisiko. Gari lilisimama wima mpaka bibi akauliza kama watampa ngazi ya kupandia.

Gerejini hapo palikuwa na sheria moja iliyojulikana hata kwa wateja. Nati ikishakazwa kwa spana ndefu mpaka ikagoma, huchorwa mstari mweupe wa rangi, kuanzia kwenye nati hadi kwenye bamba lililo chini yake. Yenye mstari imekwisha, isiyo na mstari bado. Kopo la rangi na brashi alikabidhiwa Grisi, na hakuna kitu alichojivunia zaidi ya hicho.

"Mama," baba alimwambia binti yake mchana huo huku akijifuta mikono, "upande wa kulia nimemaliza. Huku kushoto nati zote nne nimezishikiza kwa mkono tu. Hizo ndizo zinazobana ekseli ya magurudumu kwenye springi, kwa hiyo usizifanyie mchezo. Kaza, kisha chora. Mimi nakwenda dukani kutafuta mafuta ya breki."

"Nimekusikia, baba."

Nati mbili za mbele zilikubali. Za nyuma zilijificha pembeni, spana ikateleza na kumchubua kidole. Alipokuwa akikinyonya kile kidole, wenzake wakaja getini.

"Wewe Grisi! Mechi imeanza! Bila kipa tutafungwa mpaka tuone haya kurudi nyumbani!"

Grisi alitazama nati, akatazama geti. Shangazi alikuwa anakuja kesho asubuhi. Si angezimalizia jioni? Lakini baba akirudi akakuta hazina mstari, angemwita kutoka uwanjani mbele ya watu. Basi akachovya brashi, akachora mistari minne, mizuri, iliyonyooka. Kisha akakimbia.

Mchezo ulikuwa umekolea aliposikia honi. Gari la shangazi lilikuwa linapita kando ya uwanja, refu, linang'aa. Shangazi alitoa kichwa dirishani.

"Fundi wangu! Nimeitwa mlimani, kuna mama ameshikwa na uchungu! Gari limekuwa jipya kabisa!"

Akapunga mkono, akapotelea kwenye vumbi. Mpira ukapita pembeni mwa Grisi ukaingia golini. Wenzake walimpigia kelele, lakini yeye hakugeuka hata kuuangalia.

Alirudi nyumbani akitembea kama mgonjwa. Uani gari lilikuwa limeacha nafasi tupu yenye doa la oili, na Grisi alilizunguka lile doa kwa mbali, asithubutu kulikanyaga. Alisugua rangi nyeupe kidoleni kwa sabuni, ikagoma kutoka. Jikoni bibi alikuwa akikata mboga, na kisu kiligonga ubao: ko, ko, ko. Grisi alisikia nati inayolegea. Kijiko kilipoanguka aliruka. Pikipiki ilipopunguza mwendo nje, alijua imeleta habari mbaya, lakini ikapita.

"Una nini wewe? Umekaa kama umeona jini," bibi alisema.

Baba aliingia akitabasamu. "Leo mjukuu wako amenifurahisha, mama. Nimerudi nikakuta kila nati imechorwa. Nikashusha jeki, dada akaondoka."

"Namwombea mwanangu ule mteremko wa mlimani tu," bibi akajibu, akaendelea kukata. Ko, ko, ko.

"Acha, bibi!" Grisi alipiga ukelele. Kisha machozi yakamtoka. "Baba, sikuzikaza zote. Nilichora tu. Mbili za nyuma, kushoto. Nilitaka kwenda mpirani."

Kisu kilisimama. Baba hakumpiga wala hakufoka, na hilo lilimtisha Grisi zaidi. Alipiga simu ya shangazi, haikupatikana. Akaazima pikipiki ya jirani.

"Chukua spana ndefu. Panda."

Barabara ya mlimani ilipinda kando ya bonde. Kila kona Grisi alitazama chini, akiwa na hakika ataona magurudumu yameangalia juu. Kwenye kona moja aliona kitu cheupe kimelala mtaroni, akadhani ni shangazi. Lilikuwa gunia lililoangushwa na mtu.

Walilikuta gari mlimani mbele ya nyumba, injini inanguruma. Shangazi alikuwa anamwingiza mama mjamzito kiti cha nyuma.

"Dada, zima!" baba alipaza sauti, akajitupa chini ya gari. "Grisi, njoo uone."

Ile mistari myeupe ya nati mbili za nyuma ilikuwa imekatika. Nusu ilibaki kwenye bamba, nusu ilikuwa imezunguka na nati, hazikutani tena. Nati ya mwisho aliizungusha kwa vidole viwili tu. Grisi akakaza huku akilia, baba akishika naye mkono wa spana, mpaka kila nati ikagoma.

Walipotoka chini, Grisi alijikaza, akamwambia shangazi kila kitu, mbele ya yule mama na watu wake.

Shangazi alichuchumaa, akaitazama mistari iliyokatika.

"Mimi sijui springi, mwanangu," alisema. "Nikiona rangi yako, najua kuna mtu amelala chini ya gari akahakikisha. Leo nimepanda mlima wote nikimwamini mtu ambaye hakuwepo." Akamfuta vumbi usoni. "Kazi ambayo hukuimaliza, sema hukuimaliza. Hakuna atakayekufa kwa kusikia hivyo. Umekosa, ila umesema wakati kosa bado linakazika. Na wewe, kaka, siku nyingine angalia mwenyewe kabla hujanipa funguo."

"Kweli, dada," baba alisema kwa sauti ndogo.

Yule mama aliguna kwa uchungu. "Jamani, sasa liko salama?"

Baba na shangazi walimtazama Grisi.

Grisi alirudi chini ya gari peke yake, akajaribu nati zote, za kushoto na za kulia, moja baada ya nyingine. Kisha akapanda nyuma, akakaa kitini upande wa kushoto, juu ya lile gurudumu, na kumshika yule mama mkono.

"Liko salama," alisema. "Nashuka nanyi."