Kilo za Dorine

Haya yalimpata mama mdogo wangu Jerusa, na sitajifanya kwamba sikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua limetoka, wanawake wako shambani wanachuma chai. Kiwanja kidogo cha ndege kilichopakana na shamba la kampuni kilikuwa kirefushwe, na sheria ya mazingira inataka kila mti, kila chemchemi na kila kaburi liandikwe kabla tingatinga halijaingia. Niliajiriwa miezi mitatu kujaza fomu hizo nyumba kwa nyumba. Nilijiona mtu mkubwa, na mkoba wangu wa ngozi begani.

Kwa mama mdogo nilijua jibu. Dorine, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, wakati mvua imekata barabara ya kwenda kwetu ziwani. Walimzika kimyakimya kando ya ua wa kiwanja, wakisema watamhamisha baadaye. Hawakumhamisha.

"Andika hakuna," alininong'oneza.

"Mama mdogo, ukisema watamhamisha vizuri. Ni sheria."

"Wataniuliza nani aliniruhusu kuzika kwa shamba ya kampuni. Wakinifukuza kwa nyumba nitaenda wapi? Andika tu hakuna, Owiti."

Nikaandika. Akaweka kidole gumba, cheusi kwa utomvu wa chai.

Tingatinga lilikuja Machi. Siku hiyo ukungu ulishuka mapema. Saa tisa wachumaji walipanga foleni kwenye mizani, nami nilikuwa nimepita kumjulia hali. Jonah, karani wa mizani, alimwaga chai ya mama mdogo, kisha akarudisha kikapu kitupu kwenye ndoano ili atoe uzito wake.

Mshale haukurudi chini.

Akapima kikapu kitupu cha jirani. Kilo moja. Akapima tena cha mama mdogo. Kumi na tisa. Kitupu.

"Mizani imeharibika," alisema, lakini hakukigusa tena.

Mama mdogo alikitoa kwenye ndoano, akakibeba. Tulipofika nyumbani alitoa kadi ya kliniki ndani ya Biblia. Mstari wa mwisho, siku Dorine alipolazwa, ulisema kilo kumi na tisa.

Kesho yake nilikimbia afisi ya mradi kusahihisha fomu. Rodah, aliyetunza faili, aliitoa na kuigeuza mbele yangu.

"Siku za kupinga zilikuwa sitini, zimeisha. Na hii mwandiko si ni yako?"

Ulikuwa wangu. Niliporudi, udongo mwekundu ulikuwa umesawazishwa mpaka kwenye ua wa kiwanja, juu ya kaburi. Wenye tingatinga hawakuona hata mfupa, ama hawakutazama.

Wiki tatu mama mdogo alibeba kikapu kile. Alilala nacho. Mgongo ulipinda, lakini uso wake ulikuwa na raha, na raha hiyo ndiyo iliyonitisha. Mwishowe tuliamua kukipeleka kwetu ziwani, tukizike kando ya marehemu mume wake, Joab. Wanaume wawili walihema wakikishusha garini. Shimo lilikuwa tayari. Mama mdogo akakichukua mwenyewe.

Akasimama. Akakitikisa.

Kilikuwa chepesi. Kikapu tu.

"Ameenda wapi?" akaniuliza. "Owiti, ameenda wapi?"

Bega langu la kushoto lilikuwa limeanza kuuma, pale ninapotundika mkoba.

Nimetoa fomu zote. Nimetoa kalamu. Nimeukung'uta. Jonah ameupima mara mbili, na sasa tukikutana njiani huvuka upande wa pili. Kilo sitazitaja.

Kila Jumapili mama mdogo huja kwangu akitoka kanisani. Hanisalimii, na simlaumu. Huufunga mkoba mgongoni kwa leso, huzunguka nao uani akiimba polepole mpaka jioni. Kisha hujaribu kwenda nao kwake. Akifika langoni mkoba unakuwa mwepesi, naye hurudi, huuacha mlangoni pangu.